Nani Atamsomesha Binti wa Musanda?



Likizo ya Desemba imeingia. Huu ndio msimu ambao mabasi yatokayo bara hufika Mwembe Tayari yamejaa, na miongoni mwa abiria huwamo mabinti wadogo, kila mmoja na mfuko wake mkononi, wakingojea kuchukuliwa na mtu wasiyemjua. Wakishafika majumbani mwetu huitwa wasichana wa kazi. Wiki hii tumeona tuzungumze habari ya mmoja wao, kwa kuwa tuliishi naye, na kwa kuwa kosa tutakalolieleza ni letu wenyewe.

Alikuja kwetu mwezi wa Julai mwaka 2024. Aliletwa na mama mmoja ambaye kazi yake ni kuwatafutia watu wasichana. Akachukua ujira wake wa udalali, akaenda zake. Tuliambiwa kwamba binti ana miaka kumi na minane na kwamba skuli amekwisha. Hatukuomba kitambulisho. Tulitazama mikono yake, tukaona imezoea kazi, tukaridhika. Mshahara tulikubaliana shilingi 5,000 kwa mwezi, na majirani wakatuambia kwamba tumetoa nyingi.

Miezi mitatu alikaa nasi kwa adabu njema. Hata jioni moja ya mwezi wa Oktoba, baada ya swala ya Magharibi, mtoto wetu wa Gredi ya 6 alikuwa mezani akiandika hesabu zake za nyumbani. Alitakiwa kujumlisha theluthi na robo, naye akaandika mbili kwa saba. Binti alikuwa mlangoni mwa jikoni, amekalia mbuzi akikuna nazi. Akasema kwa sauti ndogo, bila ya kuinua kichwa: "Si hivyo. Tafuta kwanza namba inayogawanyika kwa tatu na kwa nne." Mtoto akafikiri kidogo, akasema kumi na mbili. "Haya, sasa theluthi ya kumi na mbili ni ngapi? Na robo yake?" Wakaendelea hivyo mpaka wakafika kwenye jawabu, saba kwa kumi na mbili, na nazi ikaisha kukunwa.

Tukamwita tukamuuliza umri wake. Kwanza akasema kumi na minane, kama alivyofunzwa. Tulipomuuliza mara ya pili akainama akasema ana miaka kumi na minne, na kwamba alitolewa katika Gredi ya 7. Usiku ule chakula hakikupita kooni. Tulikuwa tumemtafutia mtoto wetu mwalimu wa hesabu wa kulipwa, kumbe mwalimu tulikuwa naye jikoni, na yeye mwenyewe alikuwa mtoto aliyestahili kuwa mbele ya mwalimu.

Kwao ni Musanda. Huenda wengi wenu hamkupata kulisikia jina hilo. Ni wadi moja katika eneo la Mumias Magharibi, Kaunti ya Kakamega, si mbali na mpaka wa Siaya. Lakini Mumias yenyewe si ngeni kwetu watu wa pwani. Kabla ya reli kufika ziwani mwaka 1901, misafara ya Waswahili ilikuwa ikipanda kutoka pwani kwa miguu, miezi na miezi, mpaka ikulu ya Nabongo Shiundu, mfalme wa Wawanga, na baada yake mwanawe Nabongo Mumia, ambaye mji ulichukua jina lake na ambaye alifariki mwaka 1949. Wafanyabiashara wale walifuatwa na dini. Wengi katika ukoo wa Nabongo wakasilimu, na mpaka leo Mumias ni miongoni mwa makao makubwa ya Waislamu katika magharibi ya Kenya. Binti yetu alikuja hapa akiwa ameshasoma chuoni kwao, akizijua sura fupi kwa moyo. Wazee wetu walipeleka kule msikiti na msahafu. Sisi tumekuwa tukileta kutoka kule watoto wa kutuoshea vyombo.

Tulipomuuliza ni kwa nini alitoka skuli, tulitarajia kusikia jambo moja kubwa: kifo, au fukuzo, au baba mkatili. Halikuwako. Baba alikuwa ameshafariki miaka mingi, na mama alikuwa akiwalea watoto wanne kwa kupalilia mashamba ya miwa ya watu. Yaliyomtoa binti huyu yalikuwa mambo madogo yaliyofuatana, nasi twaomba myasikilize kwa utaratibu wake, kwani ndivyo watoto wengi wa mashambani wanavyopotea.

Muhula wa pili wa mwaka ule ulichelewa kuanza kwa sababu ya mafuriko. Skuli hazikufunguliwa nchini mpaka tarehe 13 Mei. Zilipofunguliwa, walimu wa mkataba wa sekondari msingi, waliokuwa wakilipwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi, walikuwa katika mgomo wakidai kuajiriwa kwa kudumu. Skuli ya mjini yenye walimu wengi hustahimili. Skuli ya kijijini ambayo madarasa yake ya Gredi ya 7 na ya 8 yanategemea walimu wawili au watatu wa namna ile hubaki kimya. Binti akawa anakwenda kilomita nne kwa miguu, apite katika njia nyembamba baina ya miwa iliyomzidi kimo, afike akae bila mwalimu, arudi. Viatu vikakatika. Sweta ya skuli ikawa haimtoshi. Zikadaiwa fedha za chakula cha mchana na za karatasi za mitihani, mama hana. Akaambiwa abaki nyumbani wiki moja amsaidie kupalilia mpaka zipatikane. Wiki ikawa tatu. Ndipo dalali akatokea kijijini, akasema kwamba kuna watu wazuri Mombasa, Waislamu, wanatafuta msichana. Watu wazuri hao ndio sisi.

Zamani kidogo, watu wa upande ule walikuwa na tegemeo lao. Kampuni ya Sukari ya Mumias ilianzishwa mwaka 1971, ikaanza kusaga mwaka 1973, na kwa miongo kadhaa muwa ndio uliolipa ada za watoto. Muwa ni zao la subira. Hukaa shambani mwaka na nusu au zaidi kabla ya kukatwa. Mkulima aliyengoja muda wote huo, kisha akacheleweshewa malipo yake, hana cha kumpa mwalimu. Kampuni ilidhoofika kwa madeni, na mwaka 2019 benki iliyokuwa ikiidai ikaiweka chini ya msimamizi. Mama asiyekuwa na shamba, anayelipwa kwa kibarua cha siku katika mashamba ya wengine, ndiye wa kwanza kukosa kazi mambo yanapoharibika na wa mwisho kuipata yanapotengenea.

Kuna wasomaji watakaouliza: je, elimu si ya bure? Naam, kwa karatasi. Tangu mwaka 2003 ada ya masomo iliondolewa katika skuli za msingi za serikali. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza skuli ya umma kutoza ada ya masomo. Tena mwaka 2023, sekondari msingi ilipoanza, serikali iliiweka ndani ya skuli za msingi zilizoko tayari, na hilo lilikuwa jambo la kheri kwa vijiji vya mbali, kwa kuwa mtoto hakulazimika kwenda kulala ugenini baada ya darasa la sita. Serikali hupanga shilingi 15,042 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari msingi. Lakini fedha hizo huenda skulini. Hazimvishi mtoto viatu wala hazimpikii maharage. Na mtoto asiyekuwa na cheti cha kuzaliwa ni shida kumsajili katika daftari la wizara, na asiyesajiliwa fungu lake haliji.

Siku moja tulikaa na binti huyu tukaandika kwa kalamu ni nini hasa kilichokuwa kikimzuia. Sare na sweta, shilingi 2,200. Viatu, 1,200. Madaftari na kalamu, 600. Chakula cha mchana, 1,500 kwa muhula, mihula mitatu ni 4,500. Karatasi za mitihani, 300 kwa muhula, jumla 900. Sodo, 100 kwa mwezi, jumla 1,200. Sheria ilirekebishwa mwaka 2017 ili serikali iwape wasichana wa skuli za umma sodo bila malipo, lakini alivyotueleza yeye, zilipokuja zilikuja mara moja zikakatika, na siku zile akawa anabaki nyumbani. Taa ndogo ya jua ya kusomea usiku, 1,400. Jumla ya yote ni shilingi 12,000 kwa mwaka. Elfu moja kwa mwezi. Sisi wenyewe, kwa mwezi, tulikuwa tukitumia zaidi ya hizo kwa soda na viazi vya jioni.

Kisha tukaandika hesabu ya pili, ambayo ilituumiza zaidi. Kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani katika jiji kama Mombasa, tangu Novemba mwaka 2024, ni zaidi ya shilingi 16,000 kwa mwezi. Sisi tulikuwa tukimlipa mtoto 5,000. Tulidhani kwamba twamsaidia; twamlisha, twamvisha, analala mahali pasipovuja. Kumbe tulimchagua yeye, wala hatukumchagua mwanamke mzima, kwa sababu mtoto ni rahisi na hajui kudai. Tofauti ile ya elfu kumi na moja kila mwezi ilikuwa ni skuli yake, nasi ndio tuliokuwa tukiila.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 iko wazi: mtoto aliye chini ya miaka kumi na mitatu haajiriwi kabisa, na wa kati ya kumi na mitatu na kumi na sita hafanyi ila kazi nyepesi isiyomdhuru na isiyomzuia kwenda skuli. Kazi ya kuamka Alfajiri na kulala baada ya saa nne za usiku, mamia ya kilomita mbali na skuli yake, haina tafsiri ya wepesi. Tulikuwa tumevunja sheria ya nchi ndani ya nyumba ambayo husomwa Qur'ani kila asubuhi.

Na dini yetu haikutuachia mwanya. Amri ya kwanza aliyoteremshiwa Mtume wetu, rehema na amani ziwe juu yake, ilikuwa ni ya kusoma. Baada ya vita vya Badri, mateka waliojua kuandika na wasiokuwa na mali ya kujikomboa walitakiwa wawafundishe kuandika watoto wa Madina, na hiyo ikawa fidia yao. Yaani adui aliachiliwa ili mtoto asome. Na katika mafunzo yake kuhusu wanaotuhudumia alituamrisha tuwalishe tunachokula na tuwavishe tunachovaa, wala tusiwatwike wasichokiweza. Mwenye kumlisha binti wa watu sahani ileile ya mwanawe, kisha akamnyima kalamu ileile, ametimiza nusu, na nusu haitoshi.

Wala wanazuoni wetu hawakunyamaza. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa hapa Mombasa jarida la As-Sahifa mwaka 1930 na la Al-Islah mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu wa pwani wasibaki nyuma katika elimu, ya dini na ya dunia, wala wasiwaache mabinti zao katika ujinga. Tunajivunia jina lake. Lakini binti aliyekuwa akituhimiza tumfunze ni yupi, wa kwetu peke yake, au hata yule tuliyemleta kutoka mbali akalala katika chumba cha nyuma?

Tulipofika hapo tulifanya kosa la pili, nalo ni la watu wenye nia njema. Tuliazimia kumrudisha kwao kesho yake, na nauli na kanga mbili na maneno mazuri. Tukampigia simu mama yake kumpa habari. Akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Mama, nashukuru. Lakini kila mwezi mwanangu ananitumia elfu nne, na hizo ndizo zinazowaweka ndugu zake skulini. Ukimrudisha hivi, wiki ya pili atachukuliwa tena, apelekwe Nairobi, kwa watu ambao hawataniuliza lolote."

Maneno hayo tumeyaweka moyoni. Mtoto alikuwa ameuza masomo yake ili ndugu zake wapate yao. Kumfukuza kazini bila ya kujaza pengo la zile elfu nne ni kumtoa katika nyumba iliyomwonea haya na kumtupa katika nyumba isiyomwonea. Dhamiri zetu zingetua, na yeye angezidi kuumia.

Tukaenda kwa majirani. Katika nyumba sita tulizozigonga, tatu zilikubali, na pamoja na yetu zikawa nne. Kila nyumba ikajitwika shilingi 1,500 kwa mwezi, jumla 6,000. Elfu moja ni ya mahitaji ya skuli ya binti, elfu moja ni ya ndugu zake, na elfu nne ni za mama kwa muda wa mwaka mmoja, ili apate pa kusimama. Sehemu ya mama tuliihesabu katika zaka, kwani mjane aliyelemewa na watoto ni katika wanaoistahiki. Sehemu nyingine ilitoka katika sadaka, ambayo mlango wake ni mpana zaidi na hauulizi dini ya anayepewa. Twalisema hili kwa kuwa wengi katika mabinti wanaoletwa kutoka upande ule si Waislamu, na haki yao ya kusoma ni moja na ya wengine.

Mwezi wa Januari mwaka 2025 tukampeleka wenyewe. Tulipanda basi jioni, tukapita Nairobi usiku wa manane, tukafika Kakamega siku ya pili, tukashika matatu ya Mumias, kisha pikipiki mbili mpaka Musanda. Njia ilikuwa ya udongo, na miwa ikasimama kulia na kushoto kama ukuta. Watu wakatuamkia "Mulembe", yaani amani, nasi tukaona kwamba salamu yao na yetu ni moja. Mama yake alitupokea kwa chai na viazi vitamu, akatukalisha katika viti viwili alivyoviazima kwa jirani.

Asubuhi tulikwenda skulini pamoja naye. Mwalimu mkuu hakutukaripia, ingawa alikuwa na haki. Alifungua daftari akatuonyesha majina ya wanafunzi waliotoweka katika mwaka uliopita: huyu yuko Nairobi, huyu Mombasa, huyu ameolewa, huyu anakata miwa. Akatwambia jambo ambalo tunaomba kila jamaa anayechanga fedha za kujenga madarasa alisikie. Alisema: "Wageni wakija hutuuliza tuna upungufu wa vyumba vingapi. Hakuna aliyewahi kutuuliza nani hayupo." Kisha akamwandika binti katika Gredi ya 7 tena, akamwambia akae mbele.

Tusiwadanganye kwamba mambo yamekuwa asali. Muhula wa kwanza ulimwia mzito. Alikuwa mkubwa kuliko wenziwe, na wengine wakimwita mama wa Mombasa. Kiingereza kilikuwa kimemtoka. Mwezi wa Mei mdogo wake aliugua, na fedha ambazo mama alikuwa amezitia katika biashara ya omena na mboga sokoni zikaisha hospitalini; ikabidi aanze upya. Nyumba moja katika zile nne ilishindwa kuendelea, nasi watatu tukagawana fungu lake. Lakini mwezi wa Oktoba muhula wa tatu ulipokwisha, binti alikuwa angali darasani. Hesabu alizipita vyema, Kiingereza kwa shida. Inshaallah Januari ataingia Gredi ya 8.

Na nyumbani kwetu? Hatukuweza kulipa mfanyakazi wa kudumu kwa kima kinachotakiwa, basi hatukumwajiri. Tuna mama mmoja mtu mzima wa mtaani anayekuja siku tatu kwa wiki kwa ujira wa haki, na jioni anarudi kwa watoto wake. Siku nyingine vyombo huoshwa na wana wetu, wa kiume na wa kike. Mwanzo walinung'unika. Sasa yule wa Gredi ya 6 wa mwaka jana hukuna nazi mwenyewe, na hatujaona amepungukiwa na kitu.

Wapenzi wasomaji, kumsomesha mtoto wa kijiji cha mbali tumezoea kukudhania kuwa ni kazi ya serikali au ya mashirika yenye magari makubwa. Serikali ina wajibu wake, na haifai kusamehewa: walimu watoshe, fungu la skuli lije kwa wakati, chakula cha mchana kisiwafikie watoto wa maeneo makame na ya mijini peke yao. Lakini upo upande wa jambo hili ulio mikononi mwetu, ndani ya milango yetu, nao ndio tunaouomba.

Atakayeletewa msichana wa kazi msimu huu, amwombe kitambulisho. Asiyekuwa nacho huenda hajatimia miaka kumi na minane. Basi mama wa nyumba azungumze na mzazi wake mwenyewe kwa simu, si na dalali, na amuulize ameachia darasa la ngapi. Aliyekwisha kumweka mtoto nyumbani kwake asimfukuze usiku. Amtengenezee marejeo, ajue ni pengo gani la fedha litakalobaki kwao, alijaze na wenziwe. Awasiliane na mwalimu mkuu na naibu wa chifu wa kijiji kile, wajue kwamba mtoto anarudi na kwamba kuna watu wanaomfuatilia. Aulize kuhusu cheti cha kuzaliwa. Na mtoto akifika sekondari ya juu, mzazi aelekezwe katika ofisi ya eneo bunge kuomba basari, kwa kuwa kina mama wengi hawajui kwamba ipo. Kamati zetu za msikiti nazo, zinapopeleka msaada bara, pamoja na saruji na mabati zipeleke lile swali la mwalimu mkuu: nani hayupo?

Nyumba nne zilitosha kwa mtoto mmoja. Mitaani mwetu nyumba ni ngapi?

Usiku wa kuamkia safari yetu ya kurudi, binti alitoa daftari lake la zamani la Gredi ya 7, ambalo mama yake alikuwa amelihifadhi katika sanduku pamoja na nguo za kusalia. Kurasa zake zilikuwa zimeandikwa mpaka katikati. Tulimuuliza kama atahitaji daftari jipya. Akasema hapana, hili bado lina nafasi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyowakosea watoto wa watu, atupe moyo wa kuwafanyia wa wenzetu tunayowatakia wa kwetu, na awafungulie wana wetu wote, wa pwani na wa bara, milango ya elimu yenye manufaa. Amin.